Msijenge Tabora: reli ya mfano kwa mwenye chumba kimoja

Hotuba hii ilitolewa Tabora mbele ya mafundi, wanafunzi wa ufundi na wastaafu wa reli. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakufika.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana wote, na kwa kuwa jua bado halijapanda: mwangaluka!

Nimeombwa niseme namna ya kupanga reli ya mfano, ndogo, ya kuwekwa ndani ya nyumba, ambayo mtu aliyefanya kazi relini akiitazama hatacheka. Na nimeombwa nisiseme habari za watu wenye majumba. Niseme habari za mwenye chumba kimoja, tena chenye kitanda.

Basi nianze na neno litakalowaudhi. Tuko Tabora, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: msijenge Tabora.

Naona wazee wanatazamana. Subirini kidogo.

Mji huu ulikuwa njia panda kabla ya reli yoyote. Misafara iliyotoka pwani ilifika hapa Unyanyembe ikagawanyika, wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine wakapanda kaskazini kuelekea Karagwe. Reli ilipoingia mwaka 1912 ilikuta njia panda imeshakaa. Mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mwaka 1928 tawi likafika Mwanza. Sifa ya Tabora ni hiyo: treni hazianzi wala haziishii hapa tu, zinagawanywa, zinapangwa upya, zinaondoka kwa njia tatu.

Sasa niulize: kwenye ubao wako, treni inayotoka Tabora kwenda Mwanza itakwenda wapi? Lazima ipotee mahali. Na ya Kigoma? Lazima ipotee mahali. Na ya Dar? Vilevile. Kila mkono wa njia panda unadai sehemu ya siri ya kufichia treni nzima, na sehemu ya siri inakula nafasi kuliko stesheni yenyewe. Umeshatumia chumba chote na bado hujaweka hata jengo moja.

Tupige hesabu. Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani ni 1:87, yaani kila sentimita 87 za kweli zinakuwa sentimita 1. Kwa kipimo hicho kilomita 1 ya kweli ni mita 11 na nusu. Yadi ya kupangia mabehewa yenye urefu wa mita 600 inakuwa karibu mita 7. Nani hapa ana ukuta wa mita 7 usio na mlango? Na toka hapa mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 400, ukitaka kuipunguza yote kwa haki unahitaji zaidi ya kilomita 4 na nusu za reli. Kwa hiyo kupunguza peke yake hakutusaidii. Kazi ya mpangaji ni kuchagua kipande kimoja na kuyaacha mengine, na kuyaacha kwa makusudi.

Kuna kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya, na kisa chake ni kilekile popote. Mtu ananunua plaiwudi nzima, futi 4 kwa futi 8. Anaiweka katikati ya chumba, anatandika reli ya mviringo, treni inazunguka. Siku ya kwanza nyumba nzima inashangilia. Siku ya tatu watoto wameondoka. Mwezi wa pili ubao umekuwa mahali pa kukunjia nguo.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kona. Chukua behewa la abiria la mita 18. Kwa 1:87 ni sentimita 21 hivi. Kanuni inayofuatwa na wapangaji ni kwamba nusu kipenyo ya kona iwe angalau mara 3 ya urefu wa behewa refu kuliko yote, ndipo treni ipendeze machoni. Kwa mara 2 na nusu itapita salama ila itaonekana kama nyoka aliyevunjika mgongo. Chini ya mara 2, viungio vinavutana na magurudumu yanaacha reli. Haya, 21 mara 3 ni 63. Mduara mzima unakuwa sentimita 126, na bado hujaacha nafasi ya pembeni ili kichwa cha treni kikianguka kisifike sakafuni. Plaiwudi ina upana wa sentimita 122. Haitoshi! Haikutosha kabla hujapiga msumari wa kwanza.

Sababu ya pili ni mkono wako. Binadamu hufikia vizuri sentimita 60, akijinyoosha 75. Ubao wa 122 lazima uzungukwe pande zote, na kila pande inataka kinjia cha sentimita 60. Kwa hiyo ubao wa mita 1.2 kwa 2.4 unadai chumba cha mita 2.4 kwa 3.6, bila kitanda. Katika chumba hichohicho, rafu ya sentimita 40 ukutani ingeacha sakafu yote wazi, na kitanda kikakaa chini yake.

Rafu, ndugu zangu. Si meza. Rafu.

Mwingine atasema nitapandisha reli moja juu ya nyingine nipate urefu. Mwinuko wa asilimia 2 ndio wa kuaminika, sentimita 2 kwa kila mita. Ili treni ipite juu ya treni nyingine unahitaji uwazi wa sentimita 7 na nusu, na unene wa daraja lenyewe, jumla 9. Hiyo ni mita 4 na nusu za kupanda, na 4 na nusu nyingine za kushuka. Tuliache hilo.

Kama si Tabora, ni wapi? Ni Kigoma.

Kigoma reli inaisha. Mbele ni ziwa. Treni inayoingia haina pa kwenda, lazima isimame, ipasuliwe, behewa hili liende gatini, lile liende ghalani, na kichwa kitafute njia ya kurudi. Hakuna mviringo wa kutengeneza kwa sababu hata reli ya kweli haina mviringo. Sehemu ya siri inahitajika upande mmoja tu, upande wa mashariki, ambako ndiko kuna Uvinza na Tabora na Dar es Salaam na dunia nzima. Na mzigo unaoshuka hapo haujafika, unavuka ziwa kwenda Bujumbura au Kalemie. Kwenye ubao wa mita 2.4 unapata kituo chenye sababu ya kuwapo. Ndiyo maana nasema wenye mji wa njia panda watulie, wenzetu wa mwisho wa reli wametushinda kwa hili.

Kuhusu geji, yaani upana kati ya reli mbili za njia, niseme haraka. Reli yetu ya Kati ina upana wa mita 1. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 11 na nusu, na reli ya mfano ya milimita 12 inauzwa. Reli hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na wenye kipimo cha 1:120, kwa hiyo unaweza kununua mtambo wa chini wa kichwa cha 1:120 ukajenga bodi yako juu yake kwa kadibodi ngumu au plastiki. Mabehewa yetu hakuna anayeyauza tayari, utayajenga mwenyewe. Wenye macho mazito, au vidole vinene, watumie 1:64 juu ya reli ya milimita 16.5, ambayo ni nyingi sokoni: mita 1 ya kweli inatoka milimita 15.6, tofauti hiyo jicho halioni. Vijana wa SGR, nawajua mtauliza. Geji yake ya milimita 1,435 kwa 1:87 ni 16.5 barabara, hamna shida ya geji. Shida yenu ni kona kubwa na nguzo za umeme, na hizo hazikai chumbani.

Sasa nije kwenye mchoro wenyewe, na hapa naomba mwenye kalamu aandike.

Kuna Mwingereza, Alan Wright, aliyetengeneza reli ndogo sana aliyoiita Inglenook Sidings. Pointi 2 tu, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Njia 3 za kuegeshea mabehewa. Njia moja inachukua mabehewa 5, ya pili 3, ya tatu 3. Upande wa pili kuna mkia wa reli unaotosha kichwa na mabehewa 3, basi. Yapo mabehewa 8 kwa jumla. Unachomoa kadi 5 bila kutazama, na kazi yako ni kuyapanga mabehewa hayo 5 kwenye njia ndefu kwa mfuatano wa kadi. Mipangilio inayowezekana ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4: jumla 6,720. Ukicheza mmoja kila siku utamaliza baada ya miaka 18 na ushee. Pointi 2! Mwenye mviringo wa futi 8 alichoka siku ya tatu.

Tuuvishe mpango huo nguo za Kigoma. Behewa la mizigo la mita 12 ni sentimita 14, na kiungio tuhesabu 15. Kichwa ni sentimita 17. Mkia unadai 17 na 45, yaani sentimita 62. Pointi fupi tuipe 20. Njia ndefu ni mabehewa 5, sentimita 75, na ongeza 10. Kumi za nini? Baada ya pointi, reli mbili zinakwenda zikiachana polepole, na pale mwanzoni behewa likisimama litagongwa na linalopita njia ya pili. Wapanga mabehewa wa zamani mliomo humu mnalijua, yako mabehewa mangapi yaliyokwanguliwa ubavu kwa kusimamishwa hapo? Wachoraji wapya wanasahau sentimita hizo 10 kila mara, halafu njia ya mabehewa 5 inachukua 4.

Jumlisha: 62, 20, 85. Ni sentimita 167. Ubao una 240. Zinabaki 73. Hizo ndizo sehemu yako ya siri: trei ya mbao nyepesi ya sentimita 70 yenye kipande cha reli juu yake, upande wa kushoto, imefichwa nyuma ya safu ya miembe. Treni ya kichwa na mabehewa 3 inasimama humo yote. Unaisukuma itokee, ndiyo imefika kutoka Tabora. Ikirudi, unainua trei, unaweka nyingine. Ukiwa unacheza mchezo wa kadi, weka kizuizi mwisho wa mkia ili usiibe urefu wa trei, maana mkia ukirefuka hata kwa behewa moja fumbo linakuwa la watoto. Na ukifupika kwa sentimita moja, gurudumu la mwisho linakalia pointi na haigeuki. Pimeni kwa mabehewa yenyewe, si kwa hesabu yangu.

Njia ya mabehewa 5 iwe ya gati. Ya mabehewa 3 iwe ya ghala. Ya 3 nyingine iwe ya matangi ya mafuta. Umbali kati ya reli na reli uwe sentimita 5. Kabla ya kununua chochote, gundisha manila kuukuu mpaka zifike mita 2.4, chora kila kitu kwa ukubwa wake halisi, kata vipande vya kadibodi vya sentimita 15, uvisukume kwa mkono jioni nzima. Karatasi inafutika. Plaiwudi haifutiki.

Nije kwenye meli, maana huwezi kutaja gati la Kigoma bila MV Liemba.

Mnajua ilivyokuja? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa yote, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa kwenye mabehewa, ikapita hapahapa Tabora, na Kigoma ikaungwa tena kwa ribiti. Ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Nataka mtazame lile jambo la masanduku. Walioipanga hawakuanza na meli. Walianza na behewa: sahani ya chuma isiyoingia kwenye behewa haifiki ziwani.

Behewa lako ni mlango. Pima mlango wa chumba, pima kona ya ukumbi, pima bajaji itakayokuhamisha siku kodi ikipanda. Kwa hiyo ubao wa mita 2.4 uwe vipande 2 vya sentimita 120 kwa 40. Plaiwudi moja ya milimita 9 inatosha kazi yote: ipasue kwa urefu mapande 3 ya sentimita 40. La kwanza sakafu. La pili mandhari ya nyuma. La tatu lipasue tena mara 4, upate mikanda ya sentimita 10 ya fremu, miwili ya mbele na nyuma na miwili ya kukatia mihimili. Miguu ni mbao za mbili kwa mbili, na sakafu ya reli ikae sentimita 120 toka chini, ili macho ya mtu aliyeketi kwenye stuli yawe sawa na dirisha la dereva. Reli inayotazamwa kutoka juu ni mchezo wa kuchezea. Ukiinamisha macho yafike usawa wa behewa, ghafla ni stesheni.

Kuunganisha vipande, tumia bawaba mbili za mlango kila upande wa fremu. Zifunge vipande vikiwa vimebanwa pamoja, kisha chomoa pini. Ukirudisha pini, reli zinakutana palepale. Chini ya ncha za reli kwenye maungio funga skrubu za shaba, ulehemu reli juu ya kichwa cha skrubu, ndipo ukate kwa msumeno mwembamba. Na angalia mchoro wetu: ukipima toka kushoto, ungio liko sentimita 120, na trei ya 70 pamoja na mkia wa 62 vinaishia 132. Pointi imekaa sentimita 12 mbali na ungio. Kama ingeangukia juu ya ungio, ungepaswa kusogeza kila kitu. Pointi haikatwi.

Na meli yenyewe? Ina zaidi ya mita 70, yaani zaidi ya sentimita 80 kwa kipimo chetu. Theluthi nzima ya ubao! Usiijenge. Jenga omo, yaani mbele ya meli, peke yake, sentimita 25, ikitokeza upande wa kulia, na mwili wake ukatwe na ukingo wa ubao. Mtazamaji ataimalizia kichwani mwake mpaka tezi, nyuma kabisa, bure. Majengo ni vivyo hivyo: jengo lenye madirisha 9 lipe 5, ila kila dirisha na kila mlango ubaki na kipimo chake kamili. Ukifinya milango, watu wako wataonekana majitu. Ghala la nyuma libaki ukuta tu wenye unene wa sentimita 3 uliobandikwa kwenye mandhari.

Mandhari nipite haraka, maana kila mtu ana mkono wake. Mchanga wa kokoto uchekecheni kwa chujio cha chai, maana jiwe la sentimita 5 ni nusu milimita tu kwa 1:87. Gundi nyeupe kwa maji nusu kwa nusu na tone la sabuni ya vyombo, la sivyo itasimama matone juu ya vumbi. Udongo chukueni wa Kigoma, si huu wetu wa kichanga. Kuna jambo moja tu nitalisisitiza, miti. Mwembe wa mita 15 ni sentimita 17. Watu hutengeneza wa 6, wanapata kichaka. Mtu wa Tabora anayekosea ukubwa wa mwembe hana udhuru. Na Kigoma msisahau michikichi.

Sasa kinachoharibika. Hapa ndipo wengi huacha kazi, na hapa ndipo hakuna anayewaambia.

Mbao inakunywa maji. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba, zinakoma Aprili, kisha kiangazi kinakausha kila kitu mpaka milango inacheza kwenye fremu zake. Mtu anatandika reli mwezi wa Machi, mbao imevimba, ncha za reli zinagusana vizuri. Agosti mbao imesinyaa, reli haikusinyaa, haina pa kwenda, inajikunja pembeni na kila treni inaacha njia mahali palepale. Atalaumu magurudumu, atalaumu kichwa. Lawama ni ya Machi. Aliyetandika Agosti hupata kinyume chake, nyufa zinapanuka na umeme unakatika. Dawa ni mbili. Piga plaiwudi vanishi au rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, kabla ya reli yoyote, maana upande mmoja ukiachwa ubao unapinda. Na ukitandika msimu wa mvua, acha mwanya wa milimita 1 kila mita ya reli. Umeme usiutegemee kupita kwenye maungio ya reli: lehemu waya wake kwenye kila kipande cha reli, zote zishuke chini ya ubao.

Mchwa. Kila mguu ukae ndani ya kopo lenye oili chafu, na ubao usiguse ukuta. Rafu ya ukutani iache uwazi wa vidole viwili.

Umeme ukikatika, vichwa vingi vya mfano vinakula volti 12 za mkondo mnyoofu, kwa hiyo betri ya pikipiki na kidhibiti kasi kidogo vinafanya kazi jioni nzima. Lakini weka fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na betri. Adapta ikipigwa shoti inazima. Betri haizimi, inaunguza waya, na waya uko juu ya kitanda.

Kichwa kikifia kwenye pointi, mara nyingi ni kwa sababu kina magurudumu manne tu, na pale reli mbili zinapokatana pana plastiki isiyopitisha umeme. Chagua mtambo unaochukua umeme kwa magurudumu sita au nane. Vumbi futa kwa kitambaa chenye spiriti. Msisugue reli kwa msasa, mikwaruzo inashika uchafu upesi kuliko mwanzo.

Mezani kule nyuma kuna nakala za pointi za ukubwa halisi, kila mtu achukue mbili na aziweke kwenye manila yake leo jioni. Nami nakomea hapa, kwa sababu liko jambo ambalo mchoro hauna na waliomo humu wanalo. Wazee mliowahi kupanga mabehewa Kigoma, kichwa kilisukuma au kilivuta kuelekea gatini? Ni behewa lipi lilitolewa kwanza, la mafuta au la chumvi ya Uvinza? Mzee wangu hapo mbele, shikamoo tena, naomba uanze wewe.